Chora mkono wako kwanza: ganzi ya vidole kwa aliyerudi na ugonjwa wa Lyme

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya 12 hapa Tanga, na mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi usiku tangu mwanangu wa mwisho hajaanza shule. Kwa hiyo mdogo wangu aliporudi likizo kutoka Connecticut, Marekani, nikamsikia usiku wa kwanza tu chumba cha pili anakung'uta mkono kama mtu aliyeshika kaa la moto, sikuwa na la kuuliza. Asubuhi akanambia, "Dada, mkono unalala, mwenyewe silali."

Lakini habari zetu hazikuwa moja. Ganzi yangu ilikuwa ya mkasi na upindo. Yake ilifuata nyuma ya ugonjwa wa Lyme, ambao ukiutaja hapa duka la dawa utaulizwa unaandikwaje. Alikaa nasi miezi mitatu, na haya ninayoandika ni yale tuliyoyafanya, pamoja na yale tuliyoyakosea mwanzo. Yamfae mwenye ndugu aliyerudi kutoka huko kwenye baridi na mkono unaochomachoma.

Kwanza ujue ni ugonjwa gani, maana utaulizwa. Umepewa jina la mji wa Lyme, hukohuko Connecticut, ambako mwaka 1975 kina mama waliona watoto wengi wa mtaa mmoja wanavimba magoti, wakakataa kuambiwa ni bahati mbaya. Mdudu wake, bakteria aliyejisokota kama chembe ya uzi, alionwa na Willy Burgdorfer ndani ya kupe mwaka 1981, akaitwa Borrelia burgdorferi. Ana nduguye huku kwetu: Borrelia duttonii, yule wa homa ya papasi, ambayo Robert Koch alikuja kuichunguza Afrika Mashariki mwaka 1905. Ila papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, huuma usiku na kurudi zake shimoni. Kupe wa Lyme ni wa majanini na msituni, Marekani na Ulaya, naye hung'ang'ania mwilini, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima kabla hajaambukiza. Kwa hiyo daktari wa hapa hawezi kuuwazia ugonjwa huu kama hujamwambia ulikotoka. Sentensi ya kwanza ukiketi mbele yake iwe hiyo: nilikuwa nchi fulani, mwezi fulani, nilishinda kwenye nyasi.

Mdogo wangu hulea bibi mzee, na siku za mapumziko humpalilia bustani. Kupe hakumwona kabisa. Wale wadogo hawafiki punje ya ufuta. Aliona doa nyuma ya goti. Kwenye vitabu doa hilo huwa jekundu, linatanuka, mara nyingine na duara katikati kama shabaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Lake lilikuwa la zambarau-kahawia kama alama ya kuungua na pasi. Kliniki ya huko ikamwambia ni bato, akapewa mafuta ya kupaka. Doa likaondoka lenyewe, kama liondokavyo hata bila dawa, na ugonjwa ukabaki ndani. Baridi ilipoingia goti likavimba kama dafu. Ndipo akapimwa damu, akapewa doksisaiklini, dawa ya bakteria, miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 28. Goti likanywea. Katikati ya hayo alitembelea fimbo wiki saba, na hiyo fimbo uiweke akilini, nitairudia. Mikono ikaanza baada ya hapo.

Sasa kazi yenyewe.

Mtu akisema "mkono wangu umekufa ganzi" hajasema kitu bado. Mkono una mishipa ya fahamu mitatu mikubwa na kila mmoja una eneo lake, kama mitaa yetu ya Ngamiani ilivyopewa namba. Kwa hiyo nilifanya nifanyavyo kwa mteja: nilichukua kipimo kwanza. Karatasi ya kaki niliyokatia paterni, nikaikunja mara nne, mdogo wangu akaweka kiganja juu, nikapitisha penseli, nikakata kwa mpigo mmoja. Ikatoka mikono mingi ya karatasi. Tukachukua saba, mmoja kwa kila usiku. Kila akiamka na ganzi anapaka rangi palepale anapohisi, na kuandika saa. Usiku wa kwanza nilimpa chaki yangu ya kukatia, asubuhi yote iko kwenye foronya. Tumia kalamu: buluu kwa ganzi, nyekundu kwa moto na sindano sindano, nyeusi kwa maumivu. Usipake kwa kukumbuka asubuhi. Asubuhi mkono wote huonekana ulikuwa mbaya.

Ukimaliza siku saba, zilaze karatasi mezani kwa mstari uzisome.

Rangi ikikaa kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete ile inayotazama cha kati, huku kidole cha mwisho kikibaki cheupe, huo ni mshipa wa katikati, na mara nyingi umebanwa kwenye kilimbili, yaani kifundo cha mkono. Nusu ya kidole cha pete! Nilimcheka daktari aliponiambia hivyo miaka ile kuhusu wangu, mpaka nikajigusa kwa ncha ya sindano huku na huku. Kweli, nusu moja inasikia na nyingine imelala. Tena shina la kiganja karibu na kilimbili huwa salama, kwa sababu tawi linalolisha ngozi ya hapo hupita nje ya kijia chembamba cha kilimbili ambamo mshipa hubanwa.

Rangi ikikaa kidole cha mwisho na nusu ile nyingine ya cha pete, tazama kiwiko, wala si kilimbili. Ni mshipa uleule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko mlangoni. Acha kulala umekunja mkono chini ya shavu.

Ikiwa mkono wote umepakwa kama glavu, wa kulia na wa kushoto sawasawa, na nyayo nazo zinawaka, basi jambo ni la mwili mzima. Lyme iliyochelewa kutibiwa inaweza kufanya hivyo. Lakini kisukari hufanya zaidi, na pombe, na VVU, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Na ikiwa maumivu yanashuka toka shingoni au bega kama waya wa umeme, makali usiku, wiki chache baada ya kuumwa na kupe, hapo usikae nyumbani kuchora karatasi. Hiyo ni mizizi ya mishipa yenyewe imewaka, inataka dawa.

Karatasi za mdogo wangu zilitoka hivi: mkono wa kulia, usiku sita kati ya saba, gumba mpaka nusu ya pete. Wa kushoto usiku mbili tu, ncha za vidole. Nyayo hakuna. Alikuja Tanga ameshika kichwani kwamba "Lyme imerudi". Karatasi zikasema kitu chembamba zaidi.

Kijia hicho cha kilimbili nikieleze kifundi. Chukua upindo wa kiuno cha sketi, ule unaopitishia mpira. Chini yake kuna mifupa 8 midogo, juu yake mkanda mgumu usiovutika. Ndani zinapita kano 9 za kukunja vidole, na katikati yao uzi mmoja laini, ndio mshipa wa fahamu. Kano zikivimba kidogo tu, upindo hautanuki, uzi ndio unaoumia. Lyme inaingiaje? Kwanza, ugonjwa unaovimbisha goti unaweza kuvimbisha utando wa kilimbili pia. Pili, mshipa uliokwisha kuguswa na ugonjwa hauvumilii kubanwa kama mshipa mzima. Madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii tangu miaka ya 1980. Na tatu ni ile fimbo. Wiki saba mtu anaegemea uzito wake wote juu ya mpini mwembamba uliochimba katikati ya kiganja cha kulia. Daktari wetu alipoisikia hadithi ya fimbo aliweka kalamu chini. Ni kipi kilianza, Lyme au fimbo? Alisema hawezi kuapa, ila kijia kilichobanwa kinatunzwa namna ileile.

Kuna majaribio mawili ya kufanya nyumbani. La kwanza linaitwa la Phalen: gusanisha migongo ya mikono mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, viwiko juu, ukae sekunde 60. Sindano zikianza kwenye vidole vile vya mshipa wa katikati, andika ni sekunde ya ngapi. Mdogo wangu hakufika 20. La pili, la Tinel: gonga kwa kidole taratibu kwenye mstari wa kilimbili upande wa kiganja, ukihisi shoti inakimbilia vidoleni, andika. Majaribio haya hukosea, mengine hulia kwa mtu asiye na ugonjwa kabisa. Hayatoi hukumu, yanaongeza neno kwenye maelezo yako. Uhakika zaidi uko kwenye kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu, na hicho ni cha hospitali kubwa.

Ukienda hospitali beba karatasi zako za mikono, majibu ya damu ya huko ulikotoka, na majina ya dawa zote. Usikasirike ukiulizwa mambo ya mbali. Mdogo wangu alinuna alipokaguliwa ngozi na kuulizwa kama ana baka lisilohisi. Daktari anatafuta ukoma, na yuko sahihi. Ukoma bado upo nchini, hula mishipa ya mikono, na dawa yake ni bure. Atauliza kama una mimba, atapima sukari, huenda na tezi ya shingo. Mimi wangu ulizidi sana nilipokuwa mjamzito, nikajifungua ukapungua wenyewe.

Jambo moja la Lyme lenye kuwapoteza wengi: kipimo chake kikuu hutazama kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya mdudu, hakimtazami mdudu mwenyewe, na kinga hubaki kwenye damu miaka mingi baada ya kupona. Ukipima leo tena kikasoma ndiyo, hujaambiwa kwamba mdudu yu hai. Mdogo wangu alikuwa na vidonge vya doksisaiklini alivyobakiza dozi ya kwanza (kwa nini vilibaki, hilo tuligombana) na kila ganzi ikizidi anataka kumeza viwili vitatu. Usifanye hivyo. Vidonge viwili vitatu si tiba. Mshipa unapona kwa mwendo wake. Nyuzi za mshipa zilizokufa huota kama milimita 1 kwa siku. Nilichukua futi kamba, nikapima toka kilimbili chake mpaka ncha ya kidole cha kati: sentimita 18. Basi ni siku 180. Mshipa uliobanwa tu bila kufa hurudi mapema zaidi, lakini futi kamba ile ilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Sasa gango, yaani kishikio cha kuvalia kilimbili, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi ninayoijua.

Usiku tunalala tumekunja mikono kama popo. Kilimbili kikikunjwa, kijia kinabana. Gango linakishika wima usiku kucha, basi, hakuna siri nyingine. La kununua duka la vifaa tiba ni zuri kama lipo na fedha ipo, ila jaribu kabla hujalipa: mengi yanakibetua kiganja nyuma mno. Kinatakiwa kinyooke sawa na kigasha, kama mtu anayetaka kupeana mkono.

La kushona: kitambaa cha fulana nzito au flaneli, mikunjo miwili, urefu toka chini kidogo ya vifundo vya vidole mpaka nusu ya kigasha. Kwa mdogo wangu ilikuwa sentimita 22. Shonea mfuko mwembamba katikati, utie rula ya plastiki ya shule iliyokatwa na kusuguliwa ncha kwa msasa. Mara ya kwanza niliuweka mfuko upande wa kiganja, ncha ya rula ikamchimba palepale penye ugonjwa, akaamka saa nane ananilaani. Uweke upande wa mgongo wa mkono. Toboa tundu la gumba kubwa, upindo wake uwe nje ili usikwaruze. Funga kwa mikanda mitatu ya ile ya kubandika na kubandua kama ya viatu vya watoto. Ule wa katikati, juu ya kilimbili kwenyewe, uwe mlegevu kuliko wenzake. Kidole chako kipite chini ya kila mkanda. Vidole vyote vikunje ngumi bila kuzuiwa. Kucha zikibadilika rangi au ganzi ikiongezeka, umefunga kama mzigo wa katani, legeza.

Vaa kila usiku wiki 6 kabla hujasema halifai. Siku tatu za mwanzo utachukia. Tanga na joto lake, mkono utatoka jasho, kwa hiyo shona mawili ubadilishane.

Mchana ondoa kinachobana. Mbuzi ya nazi ndiyo adui mkubwa nyumbani kwetu: kilimbili kinakunjwa na kukazwa mamia ya mara kwa nazi moja. Tuliikabidhi kwa mpwa wake wa kiume, ambaye kwanza alisema ni kazi ya wanawake, kisha akala mchuzi bila tui siku mbili. Tui usilikamue kwa kusokota kwa mkono. Weka chicha kwenye kifumbu ukandamize kwa kigasha. Mpini wa mwiko uzungushie kitambaa unenepe, mkono usilazimike kubana. Nguo nzito usikamue, zianike zinatiririka. Fimbo, kama bado unaitembelea, uzungushie mpini vipande vya flaneli mpaka uwe mnene kama mchi mdogo, au uombe ile ya kushikilia kigasha. Simu usiishike kitandani juu ya uso. Mwenye cherehani kama mimi: kila bobini ikiisha, weka mikono mapajani, fungua vidole, hesabu thelathini.

Mazoezi ni kidogo. Nyoosha vidole, vikunje kama ndoana, kisha ngumi kamili, kisha nyoosha tena. Mara kumi, asubuhi na jioni. Sindano zikianza, simama. Mtu anayefanya mpaka yaume kwa kudhani ndiyo dawa anajichelewesha.

Maji ya moto yana hatari yake: mkono wenye ganzi hausikii kuungua. Pima kwa kiwiko. Jirani yetu mmoja alitaka kumpiga chuku kilimbilini. Nilimpa chai akaondoka. Vitamini B6 inayouzwa kwa ajili ya "neva", ikimezwa kwa wingi muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo usijinunulie makopo. Na kama unapewa doksisaiklini mpya na daktari, imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, mbali na maziwa na vidonge vya madini ya chuma, ujikinge na jua la Tanga, maana ngozi huungua upesi. Mwenye mimba amwambie daktari kabla.

Ganzi inayokuja usiku na kupotea asubuhi, waja leo waondoka leo kama tusemavyo hapa Tanga, bado una nafasi nayo. Ganzi iliyohamia, ipo usiku na mchana, vikombe vinakuponyoka, vifungo vya shati vinakushinda, au nyama ya chini ya gumba imebonyea ukilinganisha na mkono wa pili, nenda wiki hiyohiyo. Hapo panazungumzwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, kilimbilini au upasuaji mdogo wa kuukata ule mkanda ili kijia kifunguke. Wangu ulifika huko, nilipasuliwa, nikarudi kwenye cherehani mwezi wa pili. Na kwa mwenye Lyme kuna mambo yasiyongoja hata kesho: uso kupinda upande mmoja, shingo kukakamaa na homa, moyo kwenda mbio au kuzimia. Nusu ya mwili ikifa ganzi ghafla, hiyo dhania kiharusi, kimbia.

Wiki ya tano karatasi ya mdogo wangu ilikuwa na rangi kwenye ncha ya kidole cha kati peke yake. Aliondoka na magango manne, mawili ya kuvaa na mawili ya bibi anayemlea, ambaye kumbe naye hukung'uta mkono usiku. Ukifua gango, toa rula kwanza. La kwanza lilipigwa pasi nayo ikiwa ndani.